Jike la Kijivu na Debe la Mafuta ya Taa

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa mmoja: alikuwa hajui kusema hapana. Mbwa wetu alipozaa watoto saba chini ya kihenge cha mtama, hata macho hawajafumbua, yeye alikuwa amekwisha kuwagawa wote, na wengine amewagawa mara mbili. Anakutana na mtu njiani au mlangoni mwa kanisa, mtu analalamika kwamba nyani wamemmaliza, naye anamjibu usijali bwana, mbwa wetu kazaa. Kisha anarudi nyumbani, ananawa mikono, anakula ugali. Kulea ni kazi ya nani? Yangu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita ya Hitla imekwisha, na matrekta ya karanga yameanza kufika Urambo. Sisi tulikaa karibu na reli, mwendo wa asubuhi moja kutoka Tabora mjini, pembeni mwa njia ile ya zamani ambayo babu zetu walipita na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Majina ya watu ninaowaandika hapa ninayo yote, hata ya wale waliokuja kuchukua mbwa wao na kuondoka. Lakini wajukuu zao ni majirani zangu, na mmoja ndiye anayenichotea maji, kwa hiyo wakae hivyo hivyo bila majina. Mbwa nao hawakuwa na majina. Nyumbani kwetu tulifuata desturi kwamba mtoto wa mbwa hapewi jina na anayemlea, anapewa na nyumba anayokwenda. Ukimpa wewe atalishika la kwako, na kila siku utamkuta mlangoni amerudi, ulimi nje.

Katika wale saba mimi nilitaka mmoja tu, kwa ajili ya mama yangu. Mama alikuwa mjane, anakaa peke yake upande wa Igalula, shamba lake limegusana na pori. Mwaka uliotangulia nyani walimlia mahindi mpaka akabakiwa na mabua, na tangu mwezi wa kwanza alikula kwa kuomba. Mama yangu kuomba! Alikuwa akija kwetu na kikapu kitupu anakiweka nyuma ya mlango ili mama mkwe wangu asikione, naye mama mkwe alikuwa anakiona na kukijaza bila kusema neno, na hilo ndilo lililomuumiza mama zaidi. Sasa alikuwa amelima tena, mahindi yamefika magotini. Aliniambia, "Mwanangu, mwaka huu nikivuna nitakula kwangu. Nisipovuna, nitahamia kwa kaka yako Nzega, nikalelewe na mke wake." Alisema mke wake kama mtu anavyosema jela.

Kwa hiyo nilichagua jike la kijivu. Alikuwa mdogo kuliko ndugu zake lakini hakuwa na haya. Wenzake wakilia kutaka ziwa, yeye amekwisha kuwapanda vichwani na yuko kwenye ziwa. Nilimwambia mume wangu mbele ya mama yake: huyu ni wa mama yangu, usimgawe. Akaapa. Kesho yake nikasikia amemwahidi mwalimu wa shule ya misheni mbwa mdogo wa kijivu. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu nikamwambia wa kijivu ana minyoo, achukue mweusi. Alikubali upesi.

Watu hufikiri kulea mbwa ni kutupa makombo. Nani amekudanganya? Walipoachishwa ziwa nilikuwa nawapikia uji wa mtama asubuhi, nauchanganya na maziwa ya mgando, na kabla sijageuka wameingia ndani ya sufuria kwa miguu. Viroboto nawapaka majivu, funza nawatoa kwa mwiba. Walimtafunia mume wangu katambuga zake za mpira wa gari, nikafurahi. Wakanitafunia kanga yangu ya kwenda kanisani, sikufurahi.

Na kila aliyeahidiwa alikuwa na masharti yake. Mfugaji wa Ziba alitaka mbwa asiyekimbiza ng'ombe. Mrina asali alitaka asiyeogopa moshi. Mwalimu alitaka mkali kwa wezi na mpole kwa watoto, kana kwamba mbwa atasoma mwenyewe nani ni nani. Basi nikawa nawabeba kwenye kikapu, nawaingiza zizini wazoee mifugo, beberu ananipiga pembe mimi wala si wao. Nawakalisha karibu na moshi wa kuni mbichi, machozi yananitoka mimi. Nawapeleka relini wasikie gari moshi likipiga honi, wananikojolea. Watoto wa majirani nao niliwaita wawashike kila siku, maana mbwa asiyeshikwa na watu akiwa mdogo huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata ovyo. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini anasuka ukili, ananikosoa. Mbwa akishikwashikwa hawi mkali. Mbwa akilala na mbuzi atajiona mbuzi. Siku moja nilimuuliza, kwa heshima, nimepiga magoti, kwamba je, mama, nifanye lipi? Akasema yeye hajui, enzi zao mbwa walijilea.

Lakini jambo kubwa kwangu lilikuwa debe. Mama yangu alilinda shamba kwa debe la mafuta ya taa. Nyani wakitokea, anapiga debe kwa mti, anapiga na kelele. Na mbwa wengi, ukipiga debe mara ya kwanza, mkia unaingia katikati ya miguu na mbwa anaingia chini ya kihenge, humtoi tena. Mbwa wa namna hiyo angemfaa nini mama? Basi nikapata akili. Kila wakati wa kula niligonga debe kwanza, polepole kama mtu anabisha hodi, halafu naweka uji. Kesho nagonga kwa nguvu kidogo. Kesho kutwa zaidi. Mwishowe nilikuwa napiga debe mpaka majirani wanauliza kama kuna moto, na wale watoto saba wanakuja mbio, masikio yamelala nyuma, kama wanaitwa harusini. Yule wa kijivu ndiye wa kwanza siku zote. Nilijiona fundi.

Siku za kuondoka zikafika. Mfugaji alikuja na jogoo, maana kwetu mbwa hachukuliwi mikono mitupu, akachukua wake akaenda. Mrina asali akaacha kibuyu cha asali. Mwalimu akaacha sabuni. Mwingine akachukuliwa na katekista wa kanisani kwetu. Yule wa kijivu nilimfungia kamba mlangoni, kwa sababu Jumamosi ningempeleka Igalula mwenyewe.

Ijumaa alikuja mtani.

Huyu alikuwa Mgogo, nyapara wa genge la reli, anakaa na watu wake kwenye vibanda vya relini, si mbali na kwetu. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara. Babu zetu walipokuwa wanapita Ugogo kwenda pwani, babu zao waliwatoza hongo kila mahali, hongo ya maji, hongo ya kupita, hongo ya kukohoa. Ugomvi ule ukazeeka ukawa utani. Mtani akija kwako anaweza kukutukana mama yako aliyekuzaa, anaweza kubeba kitu chako akaenda nacho, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha wewe na kabila lako zima.

Alikuja akakuta mume wangu anachonga mpini. Wakaanza matusi yao. Wewe mla panya. Wewe mla vumbi. Wanyamwezi mna mabega mapana kwa sababu ya kubebeshwa mizigo, mkizaliwa tu mnatafuta furushi la kubeba. Nyinyi mlikaa kisimani kama fisi kusubiri hao wenye mizigo. Walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi nilikuwa natwanga. Kisha nikamwona Mgogo ameinama mlangoni, anafungua kamba.

"Huyu namchukua," akasema. "Babu zenu walikunywa maji yetu, hongo haijaisha."

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu, aliyeapa mbele ya mama yake, alicheka. Akasema mtani kachukua, tutafanya nini sasa. Nikaweka mchi chini, nikasema kwa sauti tamu kabisa kwamba huyo ni wa mama yangu, na mtani akitaka hongo achukue mume wangu, hana kazi. Mgogo akasema mume wangu hawezi hata kubweka. Akamweka yule mtoto begani kama mtu anavyobeba mwanakondoo, akaondoka naye anaimba. Nikabaki nacheka. Nilicheka mpaka mashavu yakauma, na mchi ule niliporudi kuushika, mtama uliona.

Usiku ule sikumpikia mume wangu mboga. Alikula ugali na chumvi.

Halafu yakaanza malalamiko. Wa kwanza alikuwa katekista. Kanisani kwetu kengele ilikuwa chuma kinachogongwa, na kila kikigongwa mbwa wake anaingia kanisani mbio, anapita katikati ya waumini mpaka mbele, anakaa, anamtazama padri usoni. Padri alifikiri mara ya kwanza ni ajabu, mara ya pili akauliza ni wa nani. Kisha mwalimu: shule wanagonga rimu ya gari, mweusi anaingia darasani kila kipindi, anapiga duru chini ya madawati, watoto hawasomi tena. Mwalimu alinisomea hayo kwa Kiswahili cha kitabu, mikono nyuma, na mimi nimebeba kuni kichwani. Nilimwambia mbwa wako anapenda elimu, mshukuru Mungu. Mama mkwe akacheka mpaka ukili ukamtoka mkononi. Sasa nilifahamu kwamba nchi nzima ya Mwingereza ilikuwa inaendeshwa kwa kugonga vyuma, na mbwa wangu wote wanadhani ni uji.

Lakini hayo ya padri na mwalimu hayakuninyima usingizi. Lililoninyima ni salamu kutoka Igalula. Mahindi ya mama yalikuwa yameanza kutoa ndevu, na nyani wameshakuja kuyatazama. Watu waliopita kwake walisema anashinda kwenye dungu lake, kile kichanja cha kulindia, tangu jua linachomoza, anapiga debe peke yake, na sauti imemkauka. Nyani walikwisha kumzoea. Wanakaa pembeni wanamsikiliza.

Nikaenda relini. Sikumwambia mume wangu. Nilichukua kikapu changu kama mtu anayekwenda kununua chumvi, nikafika kwenye vibanda wakati genge liko kazini. Mke wa nyapara alinipokea vizuri, tukasalimiana, akanipa maji. Jike la kijivu lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, mnyororo wa kufungia ng'ombe, mbwa mwenyewe ukubwa wa paka. Nikauliza kulikoni. Yule mama akashusha pumzi kama mtu aliyengoja kuulizwa. Akaniambia kwamba vibandani kuna kipande cha reli kinaning'inia mtini, kinagongwa alfajiri, kinagongwa mchana, kinagongwa wakiitwa kwa dharura. Na kila kikigongwa, mbwa huyu anaingia kwa vibarua, anafungua vifurushi vyao vya chakula kimoja kimoja, anakula. Vibarua wamemnunia nyapara wao. Yeye mwenyewe angependa kumrudisha hata leo, lakini mtu hawezi kurudisha alichokamata kwa utani bila kitu cha kubadilishana. Reli nzima watamcheka, kutoka Tabora mpaka Dodoma.

Nikaelewa. Nikatazama ukutani. Zeze lake lilikuwa limening'inia pale, zeze la nyuzi mbili, kibuyu chake kimeng'aa kwa kushikwa. Kila jioni tulikuwa tunalisikia mpaka kwetu, upepo ukiwa mzuri. Nikainuka, nikalitungua, nikaliweka ndani ya kikapu, nikamwambia mke wake amwambie mumewe kwamba Mnyamwezi amepita, amekula hongo. Yule mama alifunika mdomo kwa kanga. Hakunizuia.

Nyapara alikuja kwetu jua halijatua, vumbi la reli bado liko miguuni, na jike la kijivu linamfuata kwa mnyororo wake. Hakukaa. Mume wangu alitoka nje anauliza kuna nini, nikamwambia haya ni mambo ya watani, rudi ndani.

"Mama," Mgogo akasema, "zeze ni roho ya mtu."

"Na mahindi ni roho ya mama yangu," nikamjibu. "Shika roho yako, nipe yangu."

Tukabadilishana pale pale uani. Alijaribu nyuzi zake kwanza, nami nikatazama meno ya mbwa. Alipofika barabarani akageuka akasema hongo ya babu zetu bado iko pale pale. Nikamwambia aje aichukue kwa nyani.

Asubuhi yake nikampeleka yule mbwa Igalula. Nilimbeba nusu ya njia, nusu nyingine alinivuta yeye. Mama alikuwa juu ya dungu, amekonda, midomo imepasuka. Alishuka, akamshika mbwa masikio, akamfungua mdomo, akamnusa. Kisha, kabla hatujamaliza hata salamu za nyumbani, nyani wakatokea upande wa pori, dume lao limetangulia, na wakaanza kuingia mahindini kama watu wenye shamba lao.

Mama akapanda dungu akapiga debe. Nikafungua kamba. Nenda, nikasema, nenda.

Jike la kijivu likaruka. Likakimbia kwa nguvu zake zote, masikio yamelala nyuma, likapita kando ya miguu yangu, likafika chini ya dungu la mama, likakaa. Likainua uso. Likangoja uji.

Mama alipiga debe, mbwa akatikisa mkia. Alipiga zaidi, akatikisa zaidi. Kule mwisho wa shamba dume lile limekaa limevunja hindi, linalimenya taratibu, linatutazama. Nilichukua mawe nikakimbia mwenyewe, kanga imenivuka, napiga kelele za Kinyamwezi ambazo siwezi kuziandika hapa. Nyani wakaondoka kidogo, wakarudi. Niliporudi nahema, mama ameketi juu ya dungu, debe magotini, ameinamia mbwa. Nilifikiri analia. Nikaanza kujitetea, kwamba mimi nilimlea asiogope debe, na kweli haogopi, kosa langu liko wapi? Nilitaja uji, maziwa, majivu ya viroboto, beberu, zeze la mtu. Mama akanyoosha mkono nikanyamaza.

"Anakuja linapolia debe," akasema.

Nikasema ndiyo, anakuja linapolia debe, ndivyo nilivyo...

"Basi mimi debe nimeliweka wapi?"

Akashuka. Akatafuta kamba, ya magome ya miombo, akaniambia niunge na ile niliyokuja nayo na ile ya kufungia kuni. Tukalibeba debe mpaka mwisho wa shamba, ukingoni mwa pori, tukalitundika kwenye tawi, tukaweka ndani mawe machache. Kamba tukaivuta juu ya mabua mpaka kwenye dungu. Jua lilikuwa limepanda, nimeshikwa na njaa, mikono imechubuka, na mama ananiambia fundo hilo limelegea, funga tena.

Nyani waliporudi, mama alingoja. Aliwaacha mpaka dume likashika hindi. Kisha akavuta kamba.

Debe likalia kule kule, juu ya kichwa cha nyani. Jike la kijivu likaondoka chini ya dungu kama limerushwa, likapasua mahindi moja kwa moja kuelekea debe, na lilipofika likitegemea sufuria likakuta manyani. Kwa hasira ya kukosa uji, naamini ni hasira hiyo, likabweka kwa sauti ambayo sikujua kama inaweza kutoka kwenye kifua kidogo vile. Nyani hawakungoja kuona ukubwa wake. Tuliyaona matawi yakitikisika mpaka mbali ndani ya pori.

Mama akavuta kamba mara nyingine, bila sababu, kusikia tu.

Nilikaa kwake mpaka mbwa alipozoea. Mama alimpa jina siku hiyo hiyo, na hilo nalo silisemi, maana lilikuwa la wifi yangu wa Nzega na bado lina wenyewe. Alimlisha chini ya debe kule porini, si nyumbani, ili asije akachoka kwenda. Kila nilipotaka kusifiwa, aliniambia mbwa ni mzuri, ila aliyemlea alikuwa na haraka.

Alivuna. Kihenge chake kilijaa mpaka akaazima kingine. Lakini kabla ya mavuno, aliponiita nikachukue mahindi mabichi ya watoto, alinijazia kikapu mwenyewe, na juu kabisa akapanga mahindi yaliyotafunwatafunwa na nyani kabla hatujatundika debe, aliyokuwa ameyahifadhi yakakauka na alama za meno yao. Nikamuuliza hayo ya nini. Akasema nisiyaondoe, ni ya mtani, akaninong'oneza na salamu za kumpa.

Nilifika kwetu jioni, shingo inauma, nikamkuta mtani uani na zeze lake, na mume wangu pembeni anamwahidi mtoto wa mbwa wa uzao ujao. Mgogo hakunipa hata pole. Alisema hongo imekuja, akatia mkono kikapuni akachukua mahindi ya juu mengi kadiri alivyoweza kukumbatia, akasimama ili aondoke, kisha akayatazama. Akayageuza. Akaona meno.

"Mama yangu amesema," nikamwambia, "babu zako wa Ugogo wamekuletea salamu. Wamekwisha kuonja."

Mume wangu ndiye aliyeanguka chini kwa kucheka. Mgogo alisimama na ule mzigo wake kifuani, na mimi nikapita katikati yao na kikapu changu, nikaingia jikoni kuchemsha yaliyobaki.